Tatizo lipi litatuliwe, lipi liachwe: mwongozo kwa mkuu wa usalama wa mifumo

Ripoti ya skana, programu inayosaka udhaifu kwenye mifumo, imefika. Kurasa mia mbili na ushee, mistari elfu nne, nusu yake nyekundu. Kijana aliyeiendesha ameiambatisha kwenye barua pepe, ameandika "kwa hatua zako", na meneja mkuu amepewa nakala. Wewe una vijana wawili, mmoja anasoma jioni, na bajeti iliyopitishwa kabla hujaajiriwa.

Usianze na mstari wa kwanza. Mwaka 2024 peke yake CVE, orodha ya kimataifa ya udhaifu unaojulikana, iliongezewa udhaifu mpya wa programu takriban 40,000, yaani zaidi ya mia kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Hakuna taasisi inayoziba wote, hata zile zenye ghorofa nzima ya wataalamu. Kila mkuu wa usalama huacha mengi kuliko anayotatua. Wapo wanaoacha wakijua wanachoacha, na wapo wanaoacha kwa sababu wamechoka. Mwongozo huu ni wa kukutoa kundi la pili.

Ili tusiongee hewani nitatumia SACCOS ya kubuni: ofisi kuu Moshi mjini, matawi Himo na Boma Ng'ombe, wanachama 6,000, kompyuta 60, mfumo mmoja wa akiba na mikopo, na huduma ya kutuma mkopo moja kwa moja kwenye simu ya mwanachama. Hesabu zake zote ni za mfano. Matukio ya Bangladesh, Marekani na Denmark nitakayoyataja yalitokea kweli.

Hatua ya 1: Funga ripoti, nenda kaunta

Tenga siku mbili. Kaa nyuma ya keshia mwisho wa mwezi. Kaa na afisa mikopo Januari, wazazi wanapohangaikia ada. Kaa na mhasibu anapofunga hesabu za siku. Laptopu iache ofisini. Chukua daftari na swali moja: kitu gani kikisimama saa nne asubuhi, ikifika saa sita watu wamejaa mlangoni?

Majibu hayatafanana na ripoti. Mazungumzo unayoyatafuta huenda hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo TEHAMA mmekuja kutufungia nini tena?"

"Leo sifungi kitu, mama, nimekuja kuona kazi. Hii mikopo ya kwenye simu anaidhinisha nani?"

"Meneja mikopo."

"Akienda kula?"

"Mimi."

"Kwa namba yako ya siri?"

"Kwa yake. Si hiyo hapo, ameibandika chini ya kibodi. Wanachama wasubiri mpaka saa nane?"

Skana ingezunguka mtandao wenu miaka mia isingeiona ile karatasi. Usifoke, wala usiibandue. Ukifoka siku ya kwanza, siku ya pili hakuna atakayekuonyesha kitu. Andika, shukuru, endelea. (Kuiacha pale kwa siku mbili kunauma, najua. Vumilia.)

Ukimaliza mizunguko yako uwe na vitu vinne au vitano ambavyo taasisi haiwezi kuishi bila hivyo. Kwa SACCOS yetu: salio la kila mwanachama liwe sahihi, mkopo utoke kwa aliyepitishwa na kamati tu, mfumo ukianguka urudi ndani ya siku moja, taarifa za wanachama zisitoke nje. Basi. Orodha yako ikifika ishirini, umeandika vitengo vya ofisi, hujaandika vitu vya kulinda.

Hatua ya 2: Andika tatizo kama tukio

"Seva ina Windows ya zamani" ni hali tu. "Watumishi wana nywila dhaifu" ni lawama. Tatizo linaloweza kuamuliwa lina mtu, lina njia, lina hasara, na linasomeka kama habari ya gazeti ambayo hutaki itoke. Kwa SACCOS yetu tungeandika:

Kwanza, mtumishi mwenye namba za siri za watu wawili anatuma mikopo hewa kwenye laini zake wakati wa chakula cha mchana, na tunagundua mwisho wa mwezi.

Pili, mwizi aliye mbali anapita kwenye mlango wa kuhudumia seva tuliouacha wazi kwenye intaneti kwa ajili ya fundi aliyeko Dar es Salaam. Anafunga mafaili yote kwa ufunguo wake, pamoja na bakapu (nakala ya akiba) iliyochomekwa kwenye seva hiyo hiyo, kisha anadai fidia.

Tatu, kompyuta ya mapokezi Himo inaingia virusi kwa faili lililopakuliwa, na tunapoteza kompyuta moja na nusu siku ya kazi.

La tatu limejihukumu lenyewe mara tu lilipoandikwa. Mistari mingi ya ripoti hufia hapa: ukijaribu kuiandikia sentensi kama hizi, unakosa cha kuandika baada ya "na". Iweke kando, haijapotea.

Zoezi hili pia huibua matatizo ambayo hayakuwa na mstari wowote. Februari 2016, wezi waliokuwa wamejipenyeza kwenye mtandao wa Benki Kuu ya Bangladesh walituma kupitia SWIFT, mfumo ambao mabenki hutumia kutumiana maagizo ya malipo, maagizo ya kuhamisha karibu dola milioni 951 kutoka akaunti ya benki hiyo New York. Dola milioni 81 zilifika Manila na kutawanyika. Maagizo yalitumwa usiku wa Alhamisi, na kule Ijumaa ni siku ya mapumziko. Printa iliyokuwa ikichapa yenyewe uthibitisho wa kila muamala ikagoma. Waliokuwa kazini wakadhani ni ugonjwa wake wa kawaida, kwa kuwa printa huwa zinagoma. Dola milioni 20 nyingine zilizopelekwa Sri Lanka ziliokolewa na kosa la tahajia katika jina la mpokeaji.

Fikiria tatizo la printa ile lingeandikwaje wiki moja kabla. "Printa ya chumba cha SWIFT inasumbua" lingekwenda kwa fundi, likasubiri wino. "Shahidi pekee wa miamala yetu ya nje anaweza kunyamazishwa wakati wa wikendi bila mtu kushtuka" lingekwenda kwa gavana. Chombo ni kile kile. Kwako printa hiyo ni ipi? Mara nyingi ni ujumbe mfupi wa salio uliozoeleka kuchelewa.

Hatua ya 3: Ukali ni kitu kimoja, uwezekano ni kingine

Alama ya CVSS, ile ya 0 hadi 10 inayoipaka ripoti rangi, hupima ukali: udhaifu huu ukitumika utaumiza kiasi gani. Haikuambii kama kuna anayeutumia. Simba ni mkali kuliko mbwa, lakini ukiwa Moshi mjini atakayekuuma ni mbwa wa jirani.

Kwa yale yaliyobaki kwenye orodha yako na yanayotokana na udhaifu wa programu, uliza kwanza kama udhaifu huo unashambuliwa sasa. CISA, wakala wa usalama wa mtandao wa Marekani, tangu Novemba 2021 huchapisha bure orodha ya udhaifu uliothibitika kutumiwa na washambuliaji. Kufikia mwisho wa 2024 ilikuwa na takriban 1,200, wakati CVE nzima ilishapita 200,000. Kulinganisha ripoti yako na orodha hiyo ni kazi ya nusu saa kwenye Excel, na mara nyingi mistari elfu nne hubaki makumi. Kwa ambao haumo, shirika la FIRST hutoa kila siku makadirio yaitwayo EPSS, yanayoeleza kwa asilimia uwezekano wa udhaifu kushambuliwa ndani ya siku 30 zijazo. Ni makadirio, lakini yanashinda rangi nyekundu.

Kisha uliza kama mtu aliye nje anaufikia. Halafu uliza nyuma yake kuna nini, ukirudi kwenye vile vitu vinne vya kaunta. Udhaifu unaoshambuliwa, unaofikika kutoka intaneti, na ulio mlangoni pa kimojawapo cha vile vinne, huo hauhitaji kikao. Unazibwa wiki hii. Muda wenyewe ni mfupi kuliko tunavyodhani: Microsoft ilitoa kiraka (apdeti ya kuziba tundu) cha MS17-010 tarehe 14 Machi 2017, na virusi vya WannaCry vikapita kwenye tundu hilo hilo tarehe 12 Mei, hospitali za Uingereza zikaanza kurudisha wagonjwa.

Hapa niseme kidogo kuhusu Equifax, kampuni ya Marekani inayotunza taarifa za mikopo ya watu, kwa sababu kisa chake husimuliwa vibaya. Watu husema hawakujua. Walijua. Kiraka cha Apache Struts, programu ya kujengea tovuti waliyoitumia, kilitoka Machi 2017, na ndani ya siku chache ilani ya kukiweka ilisambazwa ofisini kwao. Wakaendesha skana, skana haikuiona seva yenye tatizo, wakaridhika. Washambuliaji wakaingia Mei na kukaa hadi mwisho wa Julai, wakaondoka na taarifa za watu wapatao milioni 147. Kifaa cha kukagua mawasiliano yanayotoka kilikuwa kipofu kwa sababu cheti chake cha kidijitali kilikuwa kimeisha muda. Cheti kilipohuishwa, ndipo wakaona. Kuchagua walichagua sawasawa. Walichokosa ni orodha ya mali zao wenyewe. Kwa hiyo kama huwezi kutaja seva zako zote na nani anazitunza, hilo ndilo tatizo la kwanza, na hatua nyingine zote zitalisubiri.

Hatua ya 4: Tafuta mzizi mmoja wenye matawi mengi

Hii ni fupi. Kompyuta 60 zisizopokea apdeti zitazaa mistari elfu tatu, na ni tatizo moja: hakuna anayesimamia apdeti. Panga ripoti kwa sababu, usiipange kwa mashine, uone itakavyonywea.

Upande wa kuingia ndani, mzizi mnene kuliko yote ni nywila inayotosha peke yake. Mei 2021 bomba la mafuta la Colonial, mashariki mwa Marekani, lilisimama siku kadhaa na foleni za petroli zikajaa majimbo. Walioingia walipita kwa nywila moja ya akaunti ya VPN (njia ya kuingia mtandao wa ofisi ukiwa mbali) ambayo haikuwa ikitumika tena, isiyo na uthibitisho wa pili, kama namba inayotumwa kwenye simu. Fidia waliyolipwa wezi hao ilikuwa takriban dola milioni 4.4. Ukiweka uthibitisho wa pili kwenye kila mlango wa nje na kufuta akaunti za walioacha kazi, umekata matawi ambayo hujui hata majina yake. Anza na akaunti za wahitimu wa mafunzo kwa vitendo. Hazifutwagi.

Hatua ya 5: Weka shilingi

Bodi haielewi "hatari ya juu". Na kusema kweli hata sisi hatuielewi. Nimeona majedwali yanayozidisha rangi: uwezekano njano, madhara nyekundu, jibu chungwa. Hiyo ni sanaa ya uchoraji.

Kwa kila tukio andika namba mbili: likitokea tunapoteza shilingi ngapi, na tunatarajia litokee mara moja katika miaka mingapi. Gawanya ya kwanza kwa ya pili. Mikopo hewa: milioni 40 kwa tukio, mara moja katika miaka minne, ni milioni 10 kwa mwaka. Fidia ya mafaili: milioni 150 ukijumlisha siku tano za kufunga na kujenga upya, mara moja katika miaka kumi, ni milioni 15 kwa mwaka. Kompyuta ya Himo: laki sita, mara mbili kwa mwaka, ni milioni 1.2.

Namba hizi ni za kukisia, na usijifanye si za kukisia. Muulize mhasibu, mkaguzi wa ndani na keshia mkongwe, kila mmoja peke yake, kabla hajasikia jibu la mwenzake. Mmoja akisema milioni 5 na mwingine milioni 200, usichukue wastani. Waweke meza moja. Tofauti kubwa hivyo maana yake kuna mtu anajua jambo ambalo wengine hawalijui, na jambo hilo lina thamani kuliko hesabu yenyewe.

Sasa bei ya dawa. Waidhinishaji wawili kwa akaunti zao wenyewe, kikomo cha mikopo kwa siku, na ujumbe kwa mwenyekiti wa kamati ya mikopo: karibu bure kwa fedha, lakini kunaongeza dakika ishirini za foleni kila mchana. Ziandike, maana ni gharama, na usipoziandika karatasi itarudi chini ya kibodi. Kufunga mlango wa fundi wa Dar es Salaam: alasiri moja, na simu moja ya kumtuliza fundi. Diski mbili za bakapu na kasha la chuma: milioni 3. Mfumo wa kisasa wa kulinda kompyuta za mapokezi ambao muuzaji alikuonyesha kwenye maonesho: milioni 28 kwa mwaka, ili kuokoa milioni 1.2.

Dawa nayo inaweza kuua. Tarehe 19 Julai 2024 apdeti mbovu ya CrowdStrike, programu ya ulinzi, iliangusha kompyuta za Windows takriban milioni 8.5 na kusimamisha ndege. Hapakuwa na mwizi. Usiguse mfumo wa mikopo Januari ya ada, hata kama hesabu inakupa haki.

Kuna mambo mawili hayaingii kwenye mgawanyo huu. La kwanza ni sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume inayoisimamia. Wenzetu wa Kenya wana yao ya 2019, yenye saa 72 za kuripoti pale taarifa za watu zinapovuja. Sheria huiweki kwenye mizani ya faida. Unaitekeleza, kisha unapima vingine.

La pili ni tukio ambalo taasisi hairudi kutoka humo. Tarehe 27 Juni 2017 virusi vya NotPetya vilitoka kwenye apdeti ya M.E.Doc, programu ya uhasibu ya Ukraine, vikaingia kampuni ya meli ya Maersk ya Denmark. Iliwabidi kufunga upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 kwa siku kumi hivi, na hasara ilikadiriwa dola milioni 250 hadi 300. Seva zinazotunza majina na ruhusa za watumiaji wao wote zilikuwa zikinakiliana zenyewe kwa zenyewe, na kunakiliana huko ndiko walikokutegemea kama bakapu. Zikafutwa pamoja. Ikasalia moja, ofisi ya Ghana, kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika virusi vilipopita. Ndiyo mara pekee niliyosikia kukatika kwa umeme kumeokoa kampuni.

Maersk ilikuwa na fedha za kusubiri siku kumi. SACCOS ya wanachama 6,000 ikipoteza salio zote haina siku kumi; ina asubuhi moja, kisha watu wanataka akiba zao. Tukio la namna hiyo halisubiri mgawanyo. Litangulie, hata kama makisio yanasema mara moja katika miaka hamsini.

Hatua ya 6: Tatizo hili ni la nani?

Mwanachama amepokea ujumbe: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Ametuma. Anakuja kaunta analia, anasema SACCOS imemwibia. Hakuna aliyevunja mfumo wako. Ni lako?

Udanganyifu wenyewe si wako. Mpe mwanachama namba 15040 ya kuripoti laini za matapeli, mweleze *106# aone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, na mpelekee meneja wa huduma jambo la kuelimisha wanachama. Lakini lipo tukio la jirani ambalo ni lako kabisa: mtu anasajili upya laini ya mwanachama, anabadilisha namba kwenye akaunti, na mkopo unakwenda kwa mwizi. Hapo mlango ni wako. Kusubiri saa 48 baada ya namba kubadilishwa, na kumpigia mwanachama kwa namba ya zamani, ni kazi ya siku tatu kwa aliyetengeneza mfumo.

Matatizo ya wenzako usiyatatue kimyakimya. Yakabidhi kwa barua, uandike tarehe. Mkuu wa usalama anayebeba kila kitu chenye neno "hatari" huishia kufunga kamera za maegesho wakati mlango wa seva uko wazi.

Na jichunguze. Kuna matatizo tunayoyapenda kwa sababu ni matamu kiufundi. Mimi nilipoteza robo mwaka nikijenga mfumo wa kukusanya kumbukumbu za seva, mzuri sana, skrini kubwa ukutani, wageni wakipigia picha. Hakuna aliyekuwa na zamu ya kuitazama.

Hatua ya 7: Acha kwa maandishi

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na kwangu ndiyo yenyewe hasa. Ukishachagua matatu ya kutatua robo hii, yaliyobaki hayajaisha. Yameachwa. Kila lililoachwa lipate mistari minne kwenye daftari la vihatarishi: tukio ni lipi, kwa nini tunaliacha, nani anayebeba hasara likitokea, na ni jambo gani likibadilika tutalirudia. Kwa mfano:

"Kompyuta ya mapokezi Himo inaweza kuingia virusi. Tunaiacha, kwa kuwa ulinzi unaopendekezwa ni wa milioni 28 na hasara ni milioni 1.2 kwa mwaka. Anayebeba: meneja wa tawi Himo. Tutalirudia kompyuta hiyo ikiunganishwa na mfumo wa mikopo, au ifikapo tarehe 30 Juni."

Anayesaini si wewe. Anasaini mwenye kazi, yaani yule ambaye hasara itamkuta mezani. Wewe unasaini kwamba umemweleza. Ukisaini mwenyewe umegeuka bima ya ofisi nzima, bima isiyolipwa.

Saini hufanya kazi nyingine ambayo sikuitegemea. Meneja anayekwambia "hilo acha, bajeti hakuna", ukimpelekea karatasi yenye jina lake na shilingi zake, huisoma mara mbili. Wengine husaini, na ni haki yao. Wanaijua biashara kuliko wewe. Wengine huiweka kalamu chini na kuuliza, "Hiyo milioni 3 ya diski ulisema inatosha?" Fedha huwa zipo.

Usisahau mstari wa nne. Tatizo lililoachwa bila sababu ya kulirudia husinzia miaka. Mlango wa fundi wa Dar es Salaam ulifunguliwa "kwa wiki mbili tu", na fundi mwenyewe alishahamia kampuni nyingine.

Hatua ya 8: Ukurasa mmoja kwa bodi

Wajumbe wako ni mwalimu mstaafu, mfanyabiashara wa mbao, mkulima wa kahawa na muuguzi. Wanajua hatari kuliko tunavyowadhania. Mkulima wa kahawa amekisia mvua na bei maisha yake yote. Mpe tukio, shilingi na chaguo. CVE, EPSS na CISA zibaki ofisini kwako.

Juu ya ukurasa weka matatu tunayotatua, kila moja na gharama yake. Chini yake, kwa herufi za ukubwa ule ule, weka matano makubwa tunayoyaacha na majina ya waliosaini. Wajumbe huanza na hayo ya chini. Wakibadilisha mpangilio wako, ubadilike. Ukurasa uliandikwa kwa ajili hiyo.

Hatua ya 9: Jaribu, usihesabu

"Tumeziba udhaifu 2,300 robo hii" haimwambii mtu chochote. Rudi kwenye sentensi ya tukio, ujaribu kulitenda. Muombe mtumishi mmoja ajaribu peke yake kutuma mkopo wa shilingi elfu moja wakati wa chakula. Ukipita, hujatatua. Muombe mtu aliye nje ya ofisi ajaribu mlango wa fundi.

Na bakapu irudishwe kweli, Jumamosi, kwenye mashine tupu, saa ikihesabu. Mahali nilipowahi kufanya kazi tulikuwa tumeahidi bodi kwamba mfumo utarudi ndani ya saa nane. Diski zilikuwepo, nakala ilikuwa ya jana yake, mashine ilikuwa tayari tangu saa mbili asubuhi. Saa sita mchana tulikuwa bado tumekaa sakafuni tukilitazama kasha la chuma. Ufunguo ulikuwa kwa mhasibu, na mhasibu alikuwa msibani Rombo, simu imezimwa. Jumatatu tuliandika tukio jipya kwenye daftari, mtu, njia na hasara, na robo iliyofuata likawa mstari wa kwanza.